Mazoezi Mombasa: maswali tunayoulizwa kila mara

Haya ni maswali ambayo watu hutuuliza tukitembea Mama Ngina asubuhi, barazani baada ya isha, na kwenye simu usiku wa manane mtu akiwa amepimwa presha mchana na usingizi umemkataa. Yanayofanana tumeyaunganisha. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, tumekuelekeza huko. Daktari wako anakujua kuliko ukurasa huu, na sehemu ya mwisho inasema nani aanzie kwake.

## Kuanza

Kutembea nako ni mazoezi, au mpaka nikimbie?

Ni mazoezi, mradi uwe mwendo wa kukaza miguu, si ule wa kutazama madirisha ya maduka Digo Road. Kipimo chake ni kinywa chako: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba taarabu ubeti mzima, unakwenda polepole mno. Ukishindwa kumaliza sentensi, hayo sasa ni mazoezi makali. Kipimo hiki hakitaki saa ya mkononi wala mashine.

Kwa wiki nifanye kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu yake mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Zamani tuliambiwa kipande kisichofika dakika kumi hakihesabiki. Mwongozo huo uliifuta kauli hiyo, kwa hiyo kushuka matatu kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu kumo hesabuni.

Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanatakiwa wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Anayecheza mpira Makadara kila jioni ameshalipa deni lake. Anayetoka shule akaingia madrasa, kisha akakaa na simu mpaka usiku, bado anadaiwa.

Na nikishindwa kufika dakika 150?

Fanya unazoziweza. Faida kubwa kuliko zote iko mwanzoni: anayetoka kwenye kukaa kitako kutwa akafika dakika 60 kwa wiki anavuna zaidi ya yule anayetoka 150 akaongeza 60 nyingine. Watu wengi huacha kwa sababu wameambiwa kiwango, wakakiona kirefu, wakaona bora wasianze. Anza na dakika kumi baada ya chakula cha usiku, na sababu ya kuchagua wakati huo utaikuta kwenye swali la sukari.

Ni kweli lazima nitembee hatua elfu kumi kwa siku?

Si kweli. Nambari hiyo ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa kwa jina la Manpo-kei. Ilikuwa nambari nzuri ya kuuzia, haikutoka hospitalini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliofuatilia maelfu ya akina mama wa umri mkubwa, ulikuta waliofika hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700 hivi, na faida ikaendelea kupanda mpaka karibu 7,500, kisha ikatulia. Basi simu yako ikikwambia umefika elfu sita, usilale na huzuni.

Mimi kutwa nasukuma mkokoteni. Bado nahitaji mazoezi?

Kazi ya nguvu inahesabiwa, na hamali wa Kongowea au Marikiti kwa dakika tu ameshawapita watu wengi wa ofisini. Shida ni namna yake: uzito uleule, upande uleule wa mgongo, juani, bila pumziko la kutosha. Kinachomfaa mtu huyu ni kunyoosha mgongo, nyonga na mapaja jioni, kufanya mazoezi ya tumbo na kiuno yatakayoushika uti wa mgongo, na kulala vya kutosha. Kukimbia kilomita tano baada ya kazi ile ni kujichosha bure, kwa maoni yangu.

Mama anayefua kwa mkono, kuchota maji na kupanda ngorofa ya nne na ndoo naye anafanya mazoezi, asidanganywe. Lakini anayesema "kazi za nyumbani zanitosha" huku kufua kunafanywa na mashine na kupika na msaidizi, huyo avae raba.

Lazima nijiunge na jimu?

Hapana. Jimu ni nzuri kwa anayetaka vyuma, kiyoyozi au faragha, na kwa anayejijua kwamba asipolipa hatoki. Wengine wana Mama Ngina, ambapo baada ya ukarabati wa 2019 kuna njia ndefu ya kutembelea na upepo wa bahari moja kwa moja. Kuna viwanja vya Makadara na Tononoka, kuna daraja la Nyali kwa wanaopenda kupanda na kushuka, na kuna mchanga wa Bamburi.

Misuli nayo haihitaji mashine. Dumu la lita tano likijaa maji ni kilo tano: linyanyue, lishushe taratibu. Kaa kwenye kiti kisha simama bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono miwili, ukizoea shuka kwenye meza, kisha sakafuni. Hayo mara mbili kwa wiki yanatosha kuanzia.

## Mwili

Mazoezi yanaukinga moyo kweli, au ni maneno ya watu wembamba?

Ushahidi mmoja wa zamani kuhusu jambo hili umetoka kwenye mabasi, na mtu wa Mombasa atauelewa haraka. Daktari Jeremy Morris aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London na kuchapisha matokeo mwaka 1953. Dereva alikaa kitini zamu nzima. Konda alipanda vidato vya ngazi kwa mamia kila siku akikata tiketi. Mshahara wao ulikaribiana, mitaa yao ilifanana, lakini makonda walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopata hawakufa kwa wingi kama wenzao.

Watu walimpinga: labda madereva walikuwa wanene tangu walipoajiriwa. Morris akaenda kupekua vipimo vya viuno vya sare zao. Kweli, suruali za madereva zilikuwa pana zaidi. Lakini konda mwembamba, wa kadiri au mnene, wote walikuwa na nafuu kuliko dereva wa umbo lake. Mwendo wenyewe ulikuwa na kazi yake, mbali na uzito.

Madereva wa matatu na tuktuk wanaotusoma: mnapongoja abiria stendi, shukeni mtembee. Kukaa ndani mkicheza simu ndiko kunakomaliza miguu.

Presha yangu iko juu. Mazoezi yatanisaidia?

Ndiyo, na hili ni eneo ambalo matokeo huonekana kwenye kipimo. Kwa mwenye presha, mazoezi ya kutembea, kuendesha baiskeli au kuogelea yakifanywa kwa utaratibu hushusha ile namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Huenda ikaonekana ndogo, lakini ni kiasi kinachokaribia kile cha dawa moja. Mishipa hulainika na kupanuka kwa urahisi, na moyo ukiwa na nguvu haulazimiki kusukuma kwa shida.

Mambo mawili. Usiache dawa kwa sababu umeanza kutembea. Kupunguza au kuondoa dawa ni kazi ya aliyekuandikia. Na unaponyanyua kitu kizito usizuie pumzi, kwa kuwa kukaza huku umebana pumzi huipandisha presha ghafla. Toa pumzi unaponyanyua. Ikiwa presha yako imefika 180 kwa 110 au zaidi, anzia kwa daktari kwanza.

Nina sukari, au nimeambiwa iko njiani. Nitembee lini?

Baada ya kula. Chakula chetu cha Pwani ni kizito wa wanga: mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi mchana, mkate wa mayai au kaimati jioni, na chai iliyokolea sukari katikati ya yote hayo. Sukari hupanda kwenye damu muda mfupi baada ya mlo, na misuli inayofanya kazi huivuta sukari hiyo kutoka kwenye damu kwa mlango wake wenyewe, hata pale insulini inapokuwa imechoka. Dakika kumi hadi kumi na tano za kutembea baada ya mlo hukishusha kile kilele. Mazoezi ya misuli nayo huipa sukari mahali pakubwa zaidi pa kuhifadhiwa.

Kwa ambao bado hawajaugua lakini vipimo vimeanza kupanda, habari ni nzuri. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwagawa watu zaidi ya elfu tatu wa namna hiyo. Kundi lililotembea dakika 150 kwa wiki, likarekebisha chakula na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya sukari ya metfomini walipunguza kwa asilimia 31.

Unayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usitoke kabla ya kusoma swali lako kwenye sehemu ya mwisho.

Nimetembea mwezi mzima na mizani haijasogea. Ina maana gani?

Ina maana mizani haikuulizwa swali lake. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kwa uchache. Nusu saa ya kutembea hula nguvu ambayo mahamri mawili huirudisha kabla jasho halijakauka, na watu wengi wakishatembea hujiruhusu. Ukitoka Mama Ngina ukapita kwenye mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, kisha ukamalizia na soda baridi, hesabu yako imegeuka. Uzito hushuka zaidi kupitia sahani.

Lakini faida nyingi zilizotajwa humu hazingoji kilo. Presha, sukari, mafuta kwenye damu, usingizi, hasira za karibu karibu: hivyo hubadilika hata uzito ukibaki palepale. Hili ndilo jambo tunalorudia kuliko yote, kwa sababu tumewaona watu wengi wakiacha wiki ya tano, wakati ambapo mwili ulikuwa umeshaanza kuitika. Ukitaka kipimo cha haki, andika leo presha yako, kiuno chako kwa utepe wa fundi cherehani, na unavyohema ukifika juu ya ngazi za nyumbani kwako. Pima tena baada ya miezi mitatu. Mizani iache chini ya kitanda.

Kuna zoezi la kuondoa kitambi peke yake?

Hakuna. Mwili huchukua mafuta unakotaka wenyewe, na mazoezi ya tumbo hukaza misuli iliyo chini ya mafuta. Hata hivyo mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo na ambayo ndiyo ya hatari, huitika vizuri kwa kutembea na kukimbia.

Na kuvaa nailoni ndani ya nguo ili nitoe jasho zaidi?

Utapungua maji, utayarudisha kwa kinywaji cha kwanza. Katika joto la Mombasa huo ni mchezo wa hatari. Acha.

Mwanamke akinyanyua vyuma hatakuwa na mabega kama baunsa?

Hatakuwa. Mwanamke ana homoni ya testosteroni kidogo sana ukilinganisha na mwanamume, na hata wanaume wanaoitafuta misuli ile huitafuta kwa miaka. Atakachopata ni mifupa imara, jambo linalomhusu sana baada ya hedhi kukoma, na mgongo usiolalamika akimbeba mtoto.

Magoti yananiuma. Si nitayamaliza kabisa?

Hili huulizwa na watu wa makamo karibu kila siku. Goti lililochakaa kwa umri hufaidika na mazoezi. Madaktari wa viungo huyaweka miongoni mwa matibabu ya kwanza kabisa, kabla ya sindano na kisu. Misuli ya paja ikiwa na nguvu hulipunguzia goti mzigo, na gegedu, ule utando mgumu unaofunika ncha za mifupa, hupata chakula chake kwa kuminywa na kuachiliwa, jambo linalotokea ukitembea.

Anza mahali tambarare, si kwenye ngazi. Zoezi la kukaa na kusimama lililotajwa juu linafaa, kwa kiti kirefu. Maumivu madogo yanayoisha kufikia kesho yake ni ya kawaida. Goti likivimba, likiwa jekundu na moto, au likikwama usiweze kulinyoosha, simama ulipeleke likaangaliwe.

## Akili na moyo mzito

Kwa nini najisikia mwepesi nikimaliza?

Mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu na kuleta utulivu wakati wa mazoezi. Homoni za wasiwasi hupanda kidogo kisha hushuka. Kuna pia mambo yasiyohitaji maabara: umetoka nje, umeona bahari, umesalimiana na watu ishirini, na kwa nusu saa hakuna aliyekuomba pesa.

Mazoezi yanaweza kutibu sonona?

Yanaweza kusaidia sana, na kwa wengine husaidia kama dawa. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwachukua watu wa miaka 50 na kuendelea wenye sonona. Wengine walifanya mazoezi, wengine wakapewa dawa ya setralini, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu ya kukaribiana, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema zaidi.

Sasa tahadhari. Aliyezama kwenye sonona mara nyingi hawezi hata kuinuka kitandani kuoga, na kumwambia "toka ukakimbie" ni kumwongezea lawama. Hapa Pwani mtu wa namna hii huambiwa ana mawazo mengi, au kapatwa na jambo, akazungushwa kwa waganga miezi mingi. Mfuate wewe. Mwambie mtembee mpaka dukani na kurudi, usimhutubie njiani. Kama kuna mazungumzo ya kutaka kujiua, hilo si suala la mazoezi tena: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache peke yake.

Silali. Nikichoka kwa mazoezi nitalala?

Kwa wengi, ndiyo: wanaofanya mazoezi mara kwa mara hushikwa na usingizi upesi na hulala fofofo zaidi. Matokeo huja baada ya wiki kadhaa, si usiku wa kwanza. Mazoezi ya jioni hayaharibu usingizi kwa watu wengi, ila yale makali ya kumalizia saa moja kabla ya kulala huwachangamsha baadhi. Na kabla ya kulaumu mazoezi, angalia ile kahawa tungu ya baada ya isha.

Mzee wetu ameanza kusahau. Kutembea kutamsaidia?

Hakurudishi kilichokwisha kupotea kwa maradhi, lakini hulinda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wazee waliotembea kwa utaratibu mwaka mzima walikutwa sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, hipokampasi, imekua kwa takriban asilimia 2. Wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu yao ilipungua. Kwa mzee wa zaidi ya miaka 65 ongeza mazoezi ya kushika mizani siku tatu kwa wiki: kusimama kwa mguu mmoja akishika meza, kutembea kisigino kwa kidole. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi ndio mwanzo wa kulala kitandani.

## Joto, maji na bahari

Saa ngapi ni nzuri kwa Mombasa?

Baada ya sala ya alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto hufika nyuzi 32 au 33 na hewa hujaa unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hapa halikauki, linatiririka tu. Ndiyo maana mtu wa Nairobi anayekimbia vizuri kwao hushangaa akishindwa Nyali. Kusi inapoanza kuvuma, kuanzia Mei hivi, mambo hupoa, na Julai na Agosti ndiyo miezi mizuri kuliko yote ya kuanza.

Anayedhani ni visingizio akumbuke tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika uwanja wa gofu wa Mombasa, pale Kizingo. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo mara tano mfululizo, aliacha mbio mzunguko wa mwisho kwa joto. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa. Kama jua letu lilimsimamisha Bekele, wewe na mimi tutoke mapema.

Mwili huzoea joto kwa wiki moja mpaka mbili. Mgeni au anayeanza upya apunguze mwendo siku hizo. Wanaotoka giza halijaondoka watoke wawili au zaidi, na simu ikae ndani ya nguo, si mkononi.

Ninywe nini?

Maji. Kwa nusu saa ya kutembea, glasi kabla na glasi baada yatosha. Zaidi ya saa moja kwenye jasho jingi, chumvi pia inatoka: dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi ingawa sodiamu yake ni kidogo, kwa hiyo kula na kitu chenye chumvi. Vinywaji vya nguvu vya kopo havina kazi hapa, vina sukari na kafeini.

Nitajuaje joto limenizidi?

Kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, misuli kukakamaa, mwili kusisimka baridi juani. Simama, ingia kivulini, jimwagie maji, kunywa. Mtu akianza kupayuka, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura hata kama bado anatoka jasho: mpozeni kwa maji mengi mwili mzima na kumpepea papo hapo, huku mkitafuta gari. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Kukimbia ufukweni kuna ubaya?

Maji yakiwa yamekupwa, mchanga ule mgumu uliolowa ni kiwanja bora. Wakati wa bamvua hubaki mpana ajabu. Mchanga mkavu huchosha zaidi na huvuta kano ya kisigino, uanze kwa dakika chache. Ufuko pia umeinama, kwa hiyo nenda na urudi njia hiyohiyo ili miguu yote ipate zamu ya upande wa chini.

Na kuogelea?

Ni zuri kuliko yote kwa mwenye magoti mabovu au mwili mzito. Ogelea ndani ya mwamba, Nyali au Bamburi, na umwulize mvuvi kama maji yanajaa au yanatoka. Kwenye mlango wa Kilindini na karibu na feri ya Likoni mkondo ni mkali na meli zinapita, usijaribu.

## Mfungo, sitara na ujauzito

Ramadhani nifanyeje?

Wengi wetu hutembea kwa upole nusu saa kabla ya futari, ili kiu ikimbana mtu adhana iwe karibu. Mazoezi ya nguvu yawe baada ya tarawehe, chakula kikishashuka. Mwezi huo lengo ni kutopoteza ulichojenga. Ukipunguza nusu ya kawaida yako na ukala daku vizuri, Shawwal utaanzia ulipoachia. Asubuhi baada ya daku watu wengine hutoka, ila kiu ya kutwa nzima mbele yako ikumbuke.

Mimi navaa buibui na sitaki kuonekana. Nitafanya mazoezi wapi?

Ukitembea Mama Ngina alfajiri utaona raba zikichomoza chini ya buibui, kina mama wanne watano kwa mstari, mazungumzo hayakatiki. Kundi ndilo sitara nzuri kuliko zote. Chagua buibui la kitambaa chepesi, lililo juu ya kifundo cha mguu ili usijikwae, na vaa pamba ndani. Zipo pia jimu zenye saa au siku za wanawake pekee. Uliza kabla ya kulipa kama mkufunzi naye ni mwanamke, na kama hakuna kamera ndani.

Wasioweza kutoka kabisa wana ngazi, dumu la maji na chumba chenye mlango. Nusu saa ya kucheza chakacha kwa bidii inakupeleka kwenye jasho lilelile la wakimbiaji, na mashangazi zako wanakufundisha bure.

Nina mimba. Niache?

Ukiwa huna tatizo, usiache: dakika 150 za wastani kwa wiki zinafaa, na husaidia kuzuia kisukari cha mimba. Baada ya miezi mitatu ya kwanza epuka mazoezi ya kulala chali, na wakati wote epuka joto kali na michezo ya kugongana au kuanguka. Ukitokwa na damu, maji yakivuja, ukipata maumivu ya kifua au mtoto akipunguza kucheza, simama uende kliniki.

## Hali za pekee

Natumia dawa za presha. Kuna la kujihadhari?

Atenololi na jamaa zake huzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo saa inayohesabu mapigo itakudanganya. Tumia kipimo cha mazungumzo kilichoelezwa mwanzo kabisa. Dawa za kukojoza nazo hutoa maji na chumvi mwilini, na ukijumlisha jasho la kaskazi unaweza kupata kizunguzungu. Usisimame ghafla baada ya zoezi, endelea kutembea polepole dakika chache.

Natumia insulini au vidonge vya sukari. Nitoke vipi?

Metfomini peke yake mara chache huishusha sukari kupita kiasi. Insulini na vidonge kama glibenklamaidi vinaweza. Pima kabla ya kutoka. Weka tende au peremende mfukoni, na mwenzako ajue una kisukari. Ukianza kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, kula kitu kitamu papo hapo, kisha ukae. Sukari inaweza kushuka hata saa nyingi baadaye, usiku.

Miguu yenye ganzi isitembee peku ufukweni. Mchanga wa saa saba mchana huunguza, na asiyehisi hugundua malengelenge akiwa anaosha miguu kwa sala ya alasiri. Angalia nyayo kila urudipo, pamoja na katikati ya vidole.

Mtoto wangu ana selimundu. Acheze mpira?

Ugonjwa huu wa damu wa kurithi ni wa kawaida Pwani, na swali hili ni la haki. Wengi wanaweza kucheza kwa kiasi, na kumfungia mtoto ndani kuna madhara yake. Yanayoleta maumivu ni kiu, kuchoka kupita kiasi, joto kali na ubaridi wa ghafla. Kwa hiyo anywe maji kabla hajahisi kiu, apumzike anapotaka bila kuzomewa, na asirukie maji baridi akiwa amechemka. Mwalimu wa michezo aambiwe waziwazi, na daktari wa kliniki yake ndiye aseme kiwango.

Nina pumu.

Pampu iwe mfukoni, anza kwa mwendo mdogo dakika kumi, na fuata maagizo kama umeambiwa uvute kabla ya zoezi. Kuogelea huwafaa wengi wenu.

Nimetoka kuugua denge au chikungunya. Nirudi lini?

Mji wetu umepitia milipuko ya yote mawili. Ukiwa na homa, pumzika, na kama ni denge epuka aspirini na ibuprofeni kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu. Baada ya chikungunya viungo vinaweza kuuma kwa wiki au miezi. Anza na kunyoosha na kuogelea, ongeza kidogo kidogo, na siku viungo vikivimba rudi nyuma hatua moja.

Vijana wetu huja mazoezini na mogokaa shavuni. Kuna shida?

Kubwa. Mogokaa na miraa hupandisha mapigo ya moyo na presha, huua hamu ya kula na huficha uchovu. Ongeza jua na mpira wa dakika tisini, moyo unabebeshwa mizigo mitatu pamoja, na kijana hahisi mpaka aanguke. Siku ya kutafuna isiwe siku ya kucheza.

Dalili gani zinataka nisimame mara moja?

Kifua kubana au kuwa kizito, hasa maumivu yakienda kwenye taya, bega au mkono. Kuhema kusikolingana na kazi uliyofanya. Moyo kwenda ovyo ovyo, kuzimia au kukaribia kuzimia. Uso kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama, ambazo ni dalili za kiharusi. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hupata shambulio la moyo bila maumivu makali, ni kichefuchefu, uchovu wa ajabu na jasho jembamba tu.

Aliyewahi kupata lolote kati ya hayo, mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana, au aliyekaa miaka bila mazoezi na sasa anataka kuanza kukimbia kwa kasi, aanzie kwa daktari. Dalili zikikujia njiani, kaa chini, mwombe mtu akutafutie gari la hospitali. Usipande bodaboda peke yako, na usipitie nyumbani kuoga kwanza.